Kaske, viganja, magoti: kuchagua kinga za patini hapa Goma

"Kaka, kaske ya moto si inatosha?" "Nimenunua magoti, viganja nitanunua mwezi ujao, si ni sawa?" "Hii nimeipata Birere, nzuri?" Kwetu kaske ni kofia ngumu ya kukinga kichwa, moto ni pikipiki, Birere ni mahali pa mitumba, na tukisema viganja au magoti tunamaanisha kinga zake. Maswali haya matatu hunifuata kila Jumapili asubuhi tunapokutana na vijana kwenye lami ya mtaa wa Himbi. Wiki mbili hazipiti bila mzazi kunisimamisha njiani na kuniuliza yale yale. Nimeona niyajibu kwa maandishi, taratibu, ili anayekwenda sokoni ajue anatafuta nini kabla hajatoa hela.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeanza patini (viatu vya magurudumu) au skeitibodi na unayetaka kufika kwenye michezo yenyewe: kuruka ngazi, kuteleza juu ya ukingo wa saruji, kushuka kwenye chuma cha ngazi. Ni wako pia mama au baba ambaye mtoto amekuja na viatu vya magurudumu nyumbani na hujui umruhusu au umkatalie.

Nianze na ardhi yetu, maana ndiyo inayoamua mengi. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na mwaka 2021 ikashuka tena ikasimama Buhene. Mawe hayo ndiyo tunajengea kuta, ndiyo tunajazia barabara, na vipande vyake vidogo vyeusi vinasambaa juu ya lami kila mvua inaponyesha na kila lori linapopita. Kokoto moja ya ukubwa wa punje ya maharage ikiingia mbele ya gurudumu la patini, gurudumu linasimama papo hapo. Mwili hausimami. Unakwenda mbele, na mikono inatangulia yenyewe kabla hujafikiri lolote.

Mwaka wangu wa kwanza nilianguka hivyo bila kinga ya mkono, mwendo mdogo tu, karibu na nyumbani. Nilinawa kwa haraka nikaona yamekwisha. Ngozi ilipofunga, mchanga mweusi ulibaki ndani, na leo nikifungua kiganja cha kushoto unaona nukta tatu nyeusi kama zimechorwa kwa kalamu. Ndiyo maana ukiniuliza mimi, hapa kwetu viganja vinatangulia magoti.

Unachohitaji kabla ya kwenda sokoni

- Utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Kama huna, kamba isiyovutika na rula.
- Vipimo vyako vilivyoandikwa kwenye karatasi: mzingo wa kichwa, mzingo wa paja juu ya goti, mzingo wa mkono chini ya kiwiko. Wauzaji wa mitumba hawana subira ya kukupima.
- Simu yenye tochi. Bila mwanga huwezi kuona ufa ndani ya kaske.
- Suruali utakayovaa ukicheza. Kinga iliyokaa vizuri juu ya jinzi nzito italegea juu ya kaptula.
- Dola zisizochanika hata kidogo, na faranga za kujazia. Unajua mwenyewe jinsi noti yenye mpasuko wa milimita mbili inavyoweza kukukosesha kitu ulichokitafuta mwezi mzima.
- Muda. Nenda mapema, siku wanayofungua balo (furushi) jipya la mitumba. Jioni utakuta kilichokataliwa na wote waliokutangulia.

Kuhusu bajeti: kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua kaske, kisha usubiri. Usianze kucheza. Ukishapata kaske na viganja unaweza kuanza kujifunza kutembea na kusimama mahali tambarare. Kuruka kusubiri hadi magoti yapatikane. Patini zenyewe zinaweza kuwa kuukuu na mbaya kwa sura, hakuna tatizo. Vijana wengi hufanya kinyume: hela yote inaishia kwenye viatu vinavyong'aa, na kichwa kinabaki wazi.

Hatua ya 1: Pima kichwa

Zungusha utepe kichwani, vidole viwili juu ya nyusi, upite juu kidogo ya masikio na kuzunguka pale kisogo kilipojitokeza zaidi. Soma kwa sentimita. Pima mara tatu, chukua namba kubwa. Kama una nywele za kusuka, pima ukiwa nazo vile utakavyokuwa siku ya kucheza. Dada zetu wengi hununua kaske wakiwa wamenyoa au wamesuka chini, kisha wanasuka rasta nene na kaske inakaa juu ya utosi kama sufuria juu ya mafiga.

Kaske nyingi zina namba ndani, kwa mfano 54–58. Ukiwa na 58 kamili, usichukue hiyo, tafuta inayoanzia 57 au 58. Na kwa mtoto, tafadhali usinunue kubwa "atakulia ndani yake". Viatu vinaweza kusubiri mguu, lakini kaske kubwa huzunguka wakati wa kuanguka na kuacha paji la uso au kisogo wazi.

Hatua ya 2: Soma kilichoandikwa ndani

Geuza kaske, inua sponji, tafuta kikaratasi kilichobandikwa. Ndicho kinachokuambia ilitengenezwa kwa ajili ya nini. Haya ndiyo utakayokutana nayo katika mitumba ya Birere na soko la Virunga:

*EN 1078.* Hii ndiyo unayoitaka. Ni kipimo cha Ulaya cha kaske za baiskeli, skeitibodi na patini. Katika majaribio huangushwa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu hivi, juu ya chuma bapa. Kisha kuna jaribio jingine juu ya chuma chenye umbo la ukingo wa barabara. Hilo la pili lina maana sana kwetu.

*CPSC.* Kipimo cha Marekani cha kaske za baiskeli. Inafaa.

*ASTM F1492.* Cha Marekani pia, cha skeitibodi. Inafaa sana, kwa sababu zimeundwa kuvumilia kugongwa zaidi ya mara moja. Ukiiona, usiiache.

*EN 1077.* Hapa nitakaa kidogo, maana swali hili linakuja kila mara balo la Ulaya likifunguliwa. Ni kaske ya ski, ya watu wanaoteleza kwenye theluji. Utaitambua kwa masikio ya kitambaa laini na kibanio cha mpira nyuma cha kushikia miwani. Kaka zetu wa kule wanaocheza ski za michezo, wanaoruka na kuteleza juu ya vyuma kama sisi, ndizo wanazovaa. Je, inafaa kwa patini? Inafaa kwa sehemu. Jaribio lake la kuangushwa juu ya chuma bapa ni la mwendo ule ule wa mita 5.42 kwa sekunde, kwa hiyo kichwa kikigonga lami tupu inakukinga vizuri. Lakini haipimwi juu ya umbo la ukingo wa barabara, na sisi tunacheza karibu na kingo na ngazi. Tena inachemsha kichwa, kwa sababu imetengenezwa kwa baridi kali. Ziko za aina mbili: A hufunika masikio kwa gamba gumu, B huacha masikio na kitambaa tu. Kwetu chukua B, kisha ng'oa vile vitambaa vya masikio, nyingi hutoka. Unahitaji kusikia honi ya moto inayokuja nyuma yako. Ukiwa na kaske ya ski ya daraja B iliyo nzima, anza nayo kujifunza, na ubadilishe kabla hujaanza ngazi.

*EN 397.* Ni kofia ya ujenzi. Imetengenezwa kumkinga mtu dhidi ya kitu kinachomwangukia utosini, tofali kwa mfano. Wewe utaangukia upande au kisogo. Usiitumie, hata kama shemeji yako fundi anakupa bure.

Na kaske ya moto? Nilijibu swali hili hadi nikachoka, nalijibu tena. Ni nzito, inavuta shingo kila unapojirusha, inaziba masikio, na ile ya uso mzima inakufinyia macho usione kokoto zilizo miguuni. Mtu anayezunguka hewani na uzito huo kichwani anapoteza usawa. Ni nzuri kwa kazi yake, iache kwenye moto.

Kama hakuna kikaratasi kabisa, hakuna namba, hakuna tarehe, rudisha. Ziko kofia za plastiki za kuchezea watoto, nyepesi kama bakuli la kunawia, zinazofanana na kaske kwa nje. Bonyeza pembeni kwa viganja viwili: ikikunjika kama chupa ya maji, si kaske.

Hatua ya 3: Ichunguze kwa vidole

Kaske ya mitumba ina historia ambayo muuzaji haijui. Ndani ya gamba kuna povu jeupe gumu, la jamii ile inayofungia televisheni kwenye katoni. Kazi ya povu hilo ni kupondeka. Linapopondeka ndipo linapokula nguvu ya pigo, na likishapondeka halirudi. Kwa hiyo kaske ya aina hii iliyogonga sana mara moja imemaliza kazi yake, hata kama kwa nje inang'aa.

Fanya hivi. Toa sponji zote za ndani, muuzaji akilalamika mwambie utazirudisha. Washa tochi, mulika povu kutoka pembeni, si moja kwa moja, ili nyufa zitoe kivuli. Pitisha kidole gumba polepole juu ya povu lote. Lililo zima ni sawasawa kama ukuta uliopigwa lipu. Ukikuta kishimo, au mahali panapong'aa kuliko pengine, au mstari mwembamba unaoshika ukucha, pale palipigwa. Kisha shika kaske kwa mikono miwili, ukiwa umeiweka karibu na sikio, uikunje kidogo sana pande mbili. Ikitoa mlio wa kupasuka, kama ganda la karanga, irudishe.

Mwezi Mei niliokota kaske nyeusi nzuri sana pale Birere, EN 1078, saizi yangu, mkanda mpya. Kidole kilipofika nyuma ya sikio la kulia kikaingia kwenye bonde dogo, upana wa sarafu. Gamba la nje halikuwa na alama yoyote. Kuna mtu aliangukia pale, mahali fulani mbali na hapa, na povu likamwokoa, kisha kaske ikatupwa, ikafungwa kwenye balo ikaja kwetu. Niliiweka chini.

Angalia pia tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi iko kwenye kikaratasi kile kile au imegongwa ndani ya gamba kama duara lenye mshale. Mimi huishia miaka 10, na kama imekaa juani muda mrefu hata hiyo ni mingi. Jua la mji ulio kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari ni kali, linakausha plastiki. Gamba lililopauka kama unga ukilipangusa, liache.

Onyo: usipake kaske rangi ya kupuliza, na usiisafishe kwa petroli au tina ya rangi. Vinakula gamba na povu. Najua vijana wanapenda kuchora majina yao. Bandika karatasi ya kunata, inatosha.

Hatua ya 4: Ivae, uifunge, uitikise

Kaske ikae sambamba na ardhi, ukingo wa mbele vidole viwili juu ya nyusi. Wengi huirudisha nyuma ili uso uonekane kwenye picha, na paji la uso linabaki bila kitu.

Mikanda miwili ya kila upande ikutane chini kidogo ya sikio, ikifanya umbo la V. Funga kibanio chini ya kidevu, kibaki kidole kimoja au viwili tu kati ya mkanda na ngozi. Fungua mdomo kama unapiga miayo: ukisikia kaske inavutwa chini, umefunga vizuri. Sasa, ukiwa bado umefunga, isukume kutoka nyuma kwenda mbele kama unataka kuivua. Ikitoka, haikufai au mikanda bado imelegea. Tikisa kichwa kukataa: ngozi ya paji iende pamoja na kaske.

Hatua ya 5: Viganja

Watu wengi hudhani kinga ya kiganja ni glavu. Siyo. Ni kinga inayovaliwa kiganjani na kwenye kifundo cha mkono, yenye bamba gumu la plastiki upande wa kiganja, mara nyingi na jingine upande wa juu, na mikanda ya velkro. Bamba hilo lina kazi mbili. Linazuia mkono usikunjike kinyume, na linateleza juu ya lami badala ya kunasa. Huko kuteleza ndiko kunakookoa mfupa, kwa sababu nguvu ya kuanguka inakwenda mbele pamoja nawe badala ya kuishia yote kwenye kifundo.

Kuna utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1996 juu ya watu waliokuja hospitali baada ya kuanguka na patini. Ilionekana kwamba asiyevaa kinga hii alikuwa na hatari ya kuumia kifundo cha mkono karibu mara 10 ya aliyevaa. Na hiyo ni kwenye lami yao.

Unapochagua:

Bamba la kiganja liwe limepinda kama mgongo wa kijiko, si bapa. Lililopinda huacha nafasi kati ya kiganja na ardhi. Ligonge kwa ukucha: plastiki ngumu hulia, laini hailii, inazama. Shikilia pande mbili za bamba na ujaribu kulikunja. Likikubali kwa vidole, litakubali pia kwa uzito wako.

Vaa, funga, kisha sukuma ukuta kwa kiganja wazi. Mkono ukikunjika nyuma hadi mwisho wake wa kawaida, kinga ni kubwa au imechoka. Vidole vyote viweze kukunjika na kufungua kibanio cha kaske.

Makosa matatu ninayoyaona kila msimu. La kwanza ni kuvaa kulia kushoto. Ukivaa hivyo kidole gumba kinabanwa na bamba linakaa upande. La pili ni kununua bandeji ya hospitali yenye chuma ndani, ile ya mtu aliyeteguka. Inafanana sana na kinga yetu na mitumba imejaa, lakini haina bamba la kuteleza. Kitambaa kinanasa kwenye lava na mkono unabaki pale pale huku mwili ukienda. La tatu ni glavu za golikipa au za ujenzi. Zinalinda ngozi, mfupa haziujui.

Hatua ya 6: Magoti na viwiko

Umewaona wenye chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo, wanavyopiga goti juu ya kipande cha kandambili kilichopigiliwa kwenye ubao. Wanajua goti linahitaji mto. Sisi tunahitaji mto na zaidi ya mto, gamba gumu juu yake, kwa sababu yale yale niliyosema juu ya kuteleza. Kinga za mpira wa wavu, zile za sponji tupu, hunasa na kuchanika mara ya kwanza tu. Za fundi vigae zina gamba, lakini mikanda yake imetengenezwa kwa mtu anayepiga goti polepole, ukianguka kwa kasi zinazunguka hadi nyuma ya mguu.

Tafuta yenye soksi ya kuvuta mguuni pamoja na mikanda miwili, mmoja juu ya goti na mmoja chini. Gamba lifunike goti lote hata ukikunja mguu. Kama limeshikiliwa na ribiti, vichwa vya ribiti viwe vimezama ndani. Vikijitokeza vitalika, na siku moja gamba litabaki barabarani.

Jaribu pale pale sokoni: tandika gunia, anguka kwa magoti mara tano. Kinga ikishuka hata sentimita mbili, chukua saizi ndogo.

Viwiko: kanuni ni zile zile, vidogo tu. Usivivae juu chini. Upande mpana huenda juu, kwenye msuli.

Hatua ya 7: Makalio, kama unaenda kwenye ngazi

Anayeanza skeitibodi huanguka nyuma mara nyingi kuliko anavyotarajia, na mfupa wa mkia ukiumia utakaa upande mmoja kwa wiki nyingi. Katika mabalo ya nguo za michezo hutokea kaptula nyeusi zenye mito kwenye nyonga na nyuma. Ni za watu wa theluji au wa pikipiki. Wauzaji hawazijui, huziweka pamoja na nguo za ndani, na bei yake inakuwa ndogo. Hizi zinatufaa moja kwa moja, zivae chini ya suruali. Hakikisha mto wa nyuma unafika kwenye mfupa wa mkia ukiwa umechuchumaa, si ukiwa umesimama tu.

Kinga ya mgongo ya pikipiki yenye alama EN 1621-2 pia ni nzuri kwa anayeruka vyuma. Tazama pia daraja lililoandikwa kando ya alama hiyo: daraja la 2 ni bora kuliko la 1. Kwa anayeanza haina haraka.

Hatua ya 8: Fanya mazoezi ya kuanguka

Usiruke hatua hii, ndiyo inayofanya kinga zikufae. Vaa kila kitu, bila patini, kwenye majani au mkeka. Piga goti la kwanza, la pili, kisha viwiko, kisha viganja, vidole vikiwa vimeinuliwa juu. Mara 20. Kisha na patini, mahali tambarare palipofagiwa. Unafundisha mwili mpangilio mpya: goti kwanza, mkono mwisho. Mwili usiofundishwa utatanguliza mikono siku zote, hata ukiwa na magoti mazuri ya dola 30.

Na ufagie kweli. Sisi tuna fagio la njiti ambalo halikosekani Jumapili. Dakika 15 za kufagia kokoto zimezuia ajali nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Matatizo yanayojitokeza

*Kaske inabana paji la uso lakini pembeni imelegea.* Kichwa chako ni kirefu na kaske ni ya duara. Kuongeza sponji pembeni kunasaidia kidogo, lakini usikwangue povu gumu ili kupata nafasi. Badilishana na mwenzako mwenye kichwa cha duara.

*Kinga ya goti inashuka.* Angalia kwanza kama umefunga mkanda wa chini kabla ya wa juu. Funga wa juu kwanza, goti likiwa limekunjwa kidogo. Ikiendelea, elastiki imekufa. Fundi viatu wa mtaani ataibadilisha kwa faranga chache.

*Harufu.* Osha kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, kausha kivulini penye upepo. Juani inakauka haraka na kuharibika haraka. Msimu wa mvua usizifungie kwenye mfuko zikiwa mbichi.

*Nimegonga kichwa, kaske haina alama.* Kama ni ya povu gumu na uligonga kwa nguvu, usiitumie tena. Ikate mkanda kabla ya kuitupa, mtoto mwingine asije akaiokota. Na wewe mwenyewe usirudi kucheza siku hiyo hata ukijisikia mzima. Ukitapika, ukichanganyikiwa, ukipoteza fahamu hata kidogo, ukishikwa na usingizi usio wa kawaida, au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali saa hiyo hiyo, na usiende peke yako.

*Mkono unauma tangu nianguke, lakini picha ya mfupa haikuonyesha kitu.* Nyoosha kidole gumba juu. Kwenye mzizi wake, upande wa kifundo, hutokea kishimo. Bonyeza hapo. Ukiruka kwa maumivu, kuna kifupa kidogo pale ambacho huweza kuvunjika bila kuonekana kwenye picha ya kwanza. Damu haifiki vizuri kwenye kifupa hicho, kwa hiyo kikipuuzwa hakiungi. Mwambie daktari hasa ni kishimo hicho kinachouma, na umuulize kuhusu kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Kijana mmoja wa kundi letu alivutwa mkono huo na mkandaji wa mtaani mara tatu. Alipofika hospitali miezi ilikuwa imepita, na hadi leo hawezi kujiinua kwa mkono ule. Usikubali mtu akuvute kabla ya picha.

*Nimechubuka na mchanga mweusi umeingia.* Usifanye kama mimi. Siku ile ile, osha kwa maji safi mengi na sabuni, sugua taratibu kwa kitambaa safi hadi weusi wote utoke. Utalia kidogo. Unaobaki ndani ngozi hufunga juu yake. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda kama hukumbuki ulipochanjwa mara ya mwisho.

*Mtoto hataki kuvaa, anasema wakubwa hawavai.* Mama, hapo mtoto anasema kweli. Njoo uniite, nami nitawaita wakubwa. Kwenye kundi letu asiyevaa kaske hagusi ngazi, akiwa na miaka 8 au 28.

*Velkro haishiki tena.* Mara nyingi haijafa, imejaa nyuzi na vumbi la lava. Chukua sindano au kitana cha zamani, chambua upande wenye vikulabu mstari kwa mstari, kisha kung'uta. Jaribu kuifunga na kuifungua mara kumi. Kama bado inaachia, peleka kwa fundi viatu akushonee kipande kipya, na umwambie ashone mistari miwili, maana mmoja hukatika kwenye mchubuko wa kwanza.